Mtoto Ameona Video ya Mauaji Kwenye Simu: Cha Kufanya Usiku Huo na Siku Zinazofuata

Juni 17, 2025, siku ya maandamano, mchuuzi wa barakoa alipigwa risasi kichwani na polisi katikati ya jiji la Nairobi, mchana kweupe, mbele ya kamera. Kabla jua halijatua, video ilikuwa imeshaenea mitaani. Mimi niliiona nikiwa kwenye matatu ya kurudi Umoja, kwenye simu ya abiria aliyeketi mbele yangu. Nilipofika nyumbani nikamkuta mwanangu wa miaka 14 ameshaitazama, tena si mara moja, kwenye kikundi cha WhatsApp cha darasa lao. Nilimnyang'anya simu, nikamfokea, nikaifungia kabatini. Nikadhani nimemlinda.

Kwa karibu wiki mbili hakulala vizuri. Chakula alikigusagusa tu. Jumamosi moja nikamtuma tao, yaani katikati ya jiji, kununua daftari, akasema tumbo linamuuma. Nilichelewa kuelewa kwamba simu niliichukua lakini picha ilibaki kichwani mwake, na mtu ambaye angemweleza alikuwa ndiye huyo aliyemfokea.

Nimeandika haya kwa ajili ya mzazi, shangazi, nyanya au kaka mkubwa anayelea. Nimefuata jinsi mambo yanavyotokea nyumbani: kwanza usiku wenyewe, kisha mazungumzo, kisha simu, kisha lini utafute msaada.

Hatua ya 1: Jua ni ukatili wa aina gani

Wengi wetu huweka kila kitu kapu moja: gemu za bunduki, filamu za mapigano kwenye kibanda cha video, na video ya mtu aliyeuawa kweli. Havifanani, na ukivichanganya utamaliza nguvu zako pasipohitajika.

Kuhusu gemu, wataalamu wenyewe hawajakubaliana. Mwaka 2015 Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilisema gemu za ukatili zina uhusiano na tabia ya ukali, lakini hakukuwa na ushahidi wa kutosha kwamba zinaleta uhalifu. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walichunguza vijana wa Uingereza wapatao 1,000, wa miaka 14 na 15, wakawahoji na wazazi wao pia, na hawakuona kwamba wanaocheza gemu hizo ni wakali kuliko wenzao. Kwa hiyo mwanangu akicheza gemu ya vita kwenye kibanda cha nyuma ya duka la M-Pesa, sikosi usingizi. Ninauliza amecheza kwa muda gani, nani wako pale, na pesa zimetoka wapi.

Damu ya kweli ni jambo jingine kabisa. Baada ya mabomu ya mbio za marathoni za Boston, Aprili 2013, watafiti waliwahoji maelfu ya Wamarekani. Watu waliokuwa wakifuatilia habari za tukio hilo kwa saa sita au zaidi kila siku, katika wiki ile ya kwanza, walikuwa na dalili kali zaidi za msongo kuliko hata watu waliokuwa karibu na mlipuko. Hapa kwetu tuna mfano wa karibu zaidi. Mwaka 2022 Daniel Motaung, aliyekuwa akichuja video za Facebook kwenye ofisi moja jijini Nairobi, alikwenda mahakamani akisema kazi hiyo ilimwachia kiwewe. Huyo ni mtu mzima, tena aliyekuwa akilipwa. Sasa mfikirie mtoto wa darasa la saba aliyefungua video akidhani ni kichekesho.

Kwa hiyo, ukiwa na nguvu za kupigania jambo moja tu, pigania video za mauaji ya kweli na usingizi wa mtoto. Mengine yatangoja.

Hatua ya 2: Usiku wenyewe, tuliza mwili kwanza

Usianze na hotuba. Mtoto aliyeona mtu akifa mwili wake umo mbioni hata kama ameketi: moyo unadunda, mikono ni baridi, tumbo limekaza. Maneno hayaingii.

Mkalishe karibu nawe. Mpe chai au uji. Pumueni pamoja polepole, mkitoa pumzi kwa muda mrefu kuliko mnavyovuta. Ukihesabu hadi nne kuvuta, hesabu hadi sita kutoa. Kijana mkubwa anaweza kuona haya kufanya hivyo na mama yake, basi mwambie akusaidie kukata sukumawiki au kusukuma chapati. Mikono ikipata kazi, pumzi hushuka yenyewe.

Kisha mpe kitu kinachoshughulisha macho na akili: kadi, ajua, drafti, kuchora, kupanga vipande vya picha. Mwaka 2009 watafiti wa Oxford waliwaonyesha watu wazima filamu yenye matukio ya kutisha, na nusu saa baadaye wakawapa baadhi yao wacheze Tetris, gemu ya kupanga vipande vinavyoanguka. Wiki iliyofuata, waliocheza walijiwa na zile picha mara chache kuliko wenzao. Sidai kwamba kadi ni dawa. Lakini ni afadhali kadi kuliko kumwacha alale na simu akiitazama tena gizani.

Usiku huo simu zote zilale mahali pamoja, ya kwako ikiwemo. Najua wengi wetu tunaishi chumba kimoja, kwa hiyo ule ushauri wa kutoingia na simu chumbani hautusaidii. Kwetu simu hulala juu ya kabati la vyombo, zikichajiwa, kuanzia saa tatu unusu. Mtoto akiomba kulala karibu nawe, hata akiwa na ndevu zinazoanza kuota, mkubalie. Usimcheke, na usikubali ndugu zake wamcheke.

Hatua ya 3: Uliza, halafu unyamaze

Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Swali la kwanza lisiwe "nani amekutumia?" Hilo ni swali la askari. Mtoto akilisikia anaanza kuwalinda marafiki zake, na mazungumzo yamekufa. Anza hivi: "Nimesikia kuna video inazunguka. Na mimi nimeiona. Wewe umeiona?" Ukishakubali kwamba nawe umeiona, umemwondolea aibu.

Akisema ndiyo, usimwombe akusimulie kila kitu. Muulize: "Ni kitu gani kinakurudia zaidi?" Jibu lake huenda likakushangaza. Mimi nilidhani mwanangu anasumbuliwa na damu. Siku nilipomuuliza hatimaye, tukiwa tunakunja nguo, alikaa kimya kwa muda kisha akasema, "Mum, kwani hata mimi wanaweza kunipiga nikienda tao?" Picha yenyewe ilikuwa imegeuka swali kuhusu maisha yake. Tumbo la Jumamosi ile nikalielewa hapo hapo.

Swali kama hilo usilijibu kwa uongo. Usiseme "hakuna kitu kama hicho kinaweza kukutokea," kwa sababu anaishi Nairobi na ana macho. Nilimwambia kwamba yaliyotendeka yalikuwa mabaya, kwamba watu wengi wazima wamekasirika na wanadai haki, na kwamba siku za maandamano hatumtumi mjini. Kisha tukapanga: akijikuta tao na vurugu zianze, aingie duka gani, ampigie nani kwanza, na kama simu imeisha chaji akutane nami wapi. Mpango mdogo kama huo humtuliza mtoto kuliko kuambiwa mara mia asiogope.

Wavulana wanahitaji uangalifu wa pekee. Tangu wadogo tumewaambia mwanamume halii. Mvulana akikuambia "niko sawa tu," huenda kweli yuko sawa, huenda pia hajui neno jingine la kusema. Usimkabe. Mwambie, "Sawa. Mlango uko wazi," kisha rudi siku mbili baadaye, mkiwa mnatembea au mnaosha vyombo. Vijana huongea vizuri zaidi wakiwa hawatazamwi usoni.

Na yule mwenyewe aliyekuwepo kwenye maandamano ya vijana dhidi ya serikali, Juni 2024 au baadaye, akavuta moshi wa vitoza machozi na kuona mwenzake akianguka, usimwanzie na "nilikwambia usiende." Hayo yana siku yake. Kwanza muulize alirudije nyumbani.

Hatua ya 4: Soma dalili kwa umri

Watoto wadogo hawasemi "nina msongo." Mtoto wa miaka minne au mitano akiona mtu yule yule akianguka mara kumi kwenye taarifa ya habari, huenda akadhani wameanguka watu kumi. Kwake hujitokeza kwa kukojoa kitandani tena baada ya kuacha, kukung'ang'ania mlangoni asubuhi, au kucheza mchezo mmoja wa kupigana risasi siku nzima bila kuufurahia. Mwambie kwa maneno mafupi: ilitokea mara moja, imekwisha, na wewe uko hapa.

Wa shule ya msingi huumwa kichwa na tumbo, hasa asubuhi za shule. Huuliza maswali ya kifo wakati usioutarajia, kwa mfano mkiwa kanisani.

Kwa vijana angalia mambo mawili yanayoonekana kama yanapingana. Wapo wanaoshtuka kwa kila kitu, mlango ukibamizwa wanaruka. Wapo wanaoingia ganzi: wanacheka mbele ya video za watu wakiuawa, wanasema "ni kawaida." Wengi huwaogopa hao wa pili na kuwaita makatili. Mimi nadhani ganzi mara nyingi ni namna ya kujikinga, na anayecheka anahitaji kuulizwa kwa upole sawa na anayelia.

Hatua ya 5: Sasa shika simu, mkiwa pamoja

Fanya hivi mchana, mtoto akiwa ameketi kando yako na yeye ndiye anayebonyeza. Ukifanya kwa siri atabadilisha yote kesho yake.

Anza na WhatsApp, kwa sababu huko ndiko video hujileta zenyewe. Fungua mipangilio, nenda sehemu ya hifadhi na data, na uondoe alama zote za upakuaji wa kiotomatiki, kwa bando na kwa Wi-Fi. Kuanzia hapo video haitafunguka mpaka mtu aiguse, na ile picha yenye ukungu inayotokea badala yake inampa nafasi ya kuamua. Bando nayo itapona. Kisha kwenye faragha, upande wa vikundi, chagua kwamba wanaoweza kumwingiza kikundini ni watu aliohifadhi namba zao tu. Kwenye simu za Android zima pia kuonekana kwa picha za WhatsApp kwenye ghala la picha, ili asikutane na maiti akitafuta picha ya siku ya kuzaliwa.

Kwenye TikTok, video ya aina hiyo ikitokea, abonyeze bila kuachia na achague kwamba haimvutii. Akiitazama hadi mwisho, hata kwa hofu, mtambo huhesabu kwamba ameipenda na kumletea nyingine. Vijana wengi hawajui hili, na wakilijua hufurahi kwamba si wao "wabaya" walioyatafuta hayo. Kuna pia sehemu ya kuzuia maneno fulani, na ya kuanzisha upya mtiririko wa video kana kwamba akaunti ni mpya. Mzazi anaweza kuunganisha akaunti yake na ya mtoto.

Kwenye X na YouTube zima video kujicheza zenyewe. TikTok, Instagram na WhatsApp zenyewe zinataka mtumiaji awe na angalau miaka 13, kwa hiyo wa miaka tisa anayetumia simu ya dada yake hana haja ya kuwa na akaunti.

Hatua ya 6: Runinga, matatu na dada wa nyumbani

Kanuni za utangazaji nchini zinalinda watoto kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku, na filamu huwekwa alama na Bodi ya Kuainisha Filamu: GE kwa wote, PG kwa uangalizi wa mzazi, kisha 16 na 18. Zitumie. Lakini taarifa ya habari ya saa moja inaingia ndani ya muda huo wa watoto, na siku za ghasia ndiyo nzito kuliko filamu yoyote. Siku hizo sisi husikiliza redio, ama natazama mimi peke yangu baadaye.

Mtu anayekaa na watoto wako mchana ana mchango mkubwa kuliko kanuni yoyote. Kaa na dada wa nyumbani, mweleze kwa heshima ni nini hutaki watoto waone na kwa nini, na umuulize yeye mwenyewe ameona nini. Naye huenda ni msichana wa miaka 20 aliye mbali na kwao.

Skrini za matatu hutaweza kuzizima. Mwombe makanga abadilishe. Wengine hukubali ukiongea vizuri. Akikataa, mweke mtoto dirishani.

Hatua ya 7: Ongea naye kuhusu kusambaza

Kijana wako huenda akakwambia, "Lazima watu wajue." Usimpuuze, kwa sababu ana hoja. Video za wananchi zimefichua mauaji ambayo yangekanushwa. Mweleze tofauti: ushahidi unahifadhiwa, unapelekwa kwa mwandishi wa habari au kwa mamlaka ya kusimamia polisi, IPOA. Kuutupa kwenye kikundi cha darasa chenye watoto 40 hakumsaidii marehemu. Anaweza kuandika jina la aliyeuawa, tarehe na mahali, bila ile video, na watu wakajua vile vile.

Mkumbushe pia kwamba aliyeuawa ana mama mwenye simu. Januari 2019, baada ya shambulio la kigaidi kwenye hoteli ya DusitD2 jijini Nairobi, gazeti la New York Times lilichapisha picha ya miili, na Wakenya walikasirika mno mitandaoni wakitaka iondolewe. Heshima ile tuliyoidai kutoka kwa wageni inatuhusu na sisi kwenye vikundi vya familia. Nimewahi kumwambia mjomba wangu hivyo, kwa adabu, na akafuta.

Hatua ya 8: Jitazame mwenyewe

Kama uliishi Kibera au Mathare wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi mwanzoni mwa 2008, au ulikuwa mjini Agosti 7, 1998, ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa, video moja inaweza kufungua mlango uliodhani umeufunga. Ukijikuta unatetemeka, mpe mtu mwingine zamu ya kuongea na mtoto, nawe utafute mtu wa kukusikiliza.

Hatua ya 9: Lini utafute msaada

Wiki ya kwanza na ya pili, usingizi mbovu na maswali mengi ni jambo la kutarajiwa, na kwa wengi hupungua. Dalili zikidumu zaidi ya wiki nne, au zikimzuia kwenda shule, kula, au kuwa na marafiki, tafuta mtaalamu. Usingoje wiki nne ikiwa anasema heri afe, anajikata, au ameanza pombe na bangi ili alale. Hapo ni siku hiyo hiyo.

Piga 116, namba ya watoto ya Childline Kenya. Ni bure, na mtoto mwenyewe anaweza kupiga. Shirika la Msalaba Mwekundu lina 1199 kwa ushauri nasaha. Ukipiga, sema umri wa mtoto, aliona nini na lini, na ni nini kimebadilika tangu hapo. Hayo manne yanatosha kuanza. Shuleni, muulizie mwalimu wa ushauri nasaha. Hospitali ya Kenyatta, na ile ya Mathari iliyo barabara ya Thika, zina madaktari wa afya ya akili. Najua jina Mathari hutumiwa kama tusi mitaani. Mtoto akivunjika mkono hakuna anayemficha hospitali, na huu nao ni mwili. Kuombewa ni kuzuri, na mchungaji au imamu mwema atakwambia uende kote kuwili.

Hatua ya 10: Weka tarehe kwenye kalenda

Video za zamani hurudi. Juni 25, kumbukumbu ya maandamano ya 2024, na Saba Saba, yaani Julai 7, zikikaribia, mitandao hufukua picha za miaka iliyopita na kuchanganya na mpya. Siku chache kabla, rudieni Hatua ya 5, mpange siku yenyewe mtakuwa wapi.

Saba Saba ya 2025 polisi walifunga barabara za kuingia jijini, nasi tukabaki nyumbani. Nilikuwa nimechemsha githeri, tunacheza kadi mkekani. Simu yake ikatetema juu ya kabati. Akainuka, akaitazama, akarudi nayo mkononi kioo kikiwa kimeelekea chini.

"Mum, wametuma ingine. Sijafungua."

Tukaifuta pamoja, akairudisha kabatini, na ikawa zamu yake kutupa kadi.